Jina la Mfano Lililoachwa Kama Lilivyo

Mwaka 1994 majina ya intaneti yalikuwa bado mengi na wanunuzi wachache. Mmarekani aitwaye Mike O'Connor alijisajilia majina kadhaa mafupi ya kuvutia, yakiwemo bar.com, pub.com na television.com. Miongoni mwayo lilikuwemo moja ambalo halikuwashughulisha watu sana, corp.com, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kampuni. Alikaa nalo miaka 26. Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 70, alitangaza kuliuza kwa bei ya kuanzia dola milioni 1.7. Brian Krebs, mwandishi wa masuala ya usalama wa kompyuta, alipoiandika habari hiyo, wataalamu wa mitandao waliingiwa na hofu.

Bei siyo iliyowatia hofu. Yeyote ambaye angelinunua jina lile, awe mfanyabiashara, tapeli au jasusi wa serikali fulani, angeanza kupokea maulizo ya kompyuta laki kadhaa za makampuni duniani kote bila hata kuyaomba. Kompyuta hizo zingemletea majina ya watumiaji, nywila zilizofumbwa, barua pepe, na maombi ya kufunguliwa mafaili ya ofisi. Hakuna aliyezidukua wala hazikuwa na kirusi. Zilikuwa zikifuata maelekezo ziliyopewa siku zilipoandaliwa, na kuyafuata kwa uaminifu kabisa.

Nakileta kisa hiki kwa mafundi wetu wa mitandao, na kwa wenye kampuni wanaowalipa mafundi hao, kwa sababu kosa lililokizaa ni la kawaida mno. Fundi aliulizwa jina, akaona mfano, akaukubali, akaendelea na kazi.

Windows 2000 Server ilipotoka mwaka 2000 ilikuja na Active Directory, mfumo unaotunza kumbukumbu zote za ofisi: nani ni mfanyakazi, nywila yake ni ipi, printa gani iko wapi, nani ana ruhusa ya folda gani. Mfumo huo hauwezi kusimama bila jina la kikoa, maana kila kompyuta ya ofisi inamtafuta mwenzake kupitia DNS, ule utaratibu wa kugeuza jina kuwa anwani ya namba. Katika matoleo yale ya mwanzo, jina lililotolewa kama chaguo-msingi au mfano lilikuwa "corp". Kampuni nyingi zililichukua kama lilivyo. Fundi akaandika corp, akabonyeza kitufe cha kuendelea, seva ikawaka, wafanyakazi wakaingia, kila kitu kikafanya kazi. Kiliendelea kufanya kazi miaka kumi, hata ishirini, na kazi inayokwenda vizuri nani ataichunguza?

Uzito wa jambo uko kwenye majina mafupi. Mfanyakazi hataki kuandika jina refu la seva kila anapotafuta faili, kwa hiyo anaandika tu "mafaili" au "printa2", na mfumo endeshi unamsaidia kulikamilisha. Unachukua lile neno moja, unaliongezea mkia uliowekwa kwenye mipangilio, kisha unauliza DNS. Mkia mmoja usipoleta jibu, unajaribu mwingine. Hayo yote hutokea kimyakimya, na ndiyo sababu watu husahau kwamba yapo. Ukiita "Asha!" ndani ya nyumba yako, anayeitika ni Asha wako. Ukiita vilevile katikati ya Kariakoo, watageuka akina Asha usiowajua, na mmoja wao anaweza kuja kupokea ulichokishika.

Sasa ifuate kompyuta mpakato ya mhasibu mmoja wa kampuni ya namna hiyo. Ofisini, DNS ya ndani inaijua corp na inajibu bila shida. Jioni mhasibu anaketi kwenye ukumbi wa hoteli, anafungua kompyuta, anaunganisha waifai. Hajaandika hata herufi moja. Hata hivyo mashine imeshaanza kuuliza: iko wapi seva inayothibitisha nywila, swali ambalo kwenye DNS huonekana likianza na _ldap._tcp.dc._msdcs, iko wapi diski ya pamoja ambayo kila siku huonekana kama herufi ya Z, iko wapi printa, iko wapi seva ya barua. DNS ya hoteli haina habari yoyote na corp ya ofisi ya mhasibu. Kwa namna Windows ilivyokuwa ikiyapanga na kuyarefusha majina hayo, maulizo mengi yalitoka hadi kwenye intaneti ya wote na kumalizikia corp.com, mlangoni kwa mzee O'Connor. Kama mlango ule ungefunguka na kujibu "ndiyo, mimi ndiye seva ya mafaili", Windows ingejaribu kujitambulisha palepale kwa jina la mtumiaji na nywila yake iliyofumbwa, kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa kuwatendea jamaa wa nyumbani. Nywila iliyofumbwa si salama kama watu wanavyodhani. Ikiwa dhaifu huvunjwa kwa kubahatisha, na mara nyingine mwizi hana hata haja ya kuivunja, anaipitisha tu kwa seva nyingine na kuingia kwa jina la mwenyewe.

Haya yalipimwa. Mwaka 2019 Jeff Schmidt wa kampuni ya JAS Global Advisors aliyachunguza maulizo yaliyofika corp.com kwa muda wa miezi minane, akakuta zaidi ya kompyuta 375,000 za Windows zikijaribu kupeleka pale mambo yasiyopaswa kufika. Kwa kipindi kifupi wachunguzi walikubali kujibu kama seva ya kawaida ya Windows ingejibu. Majina na nywila zilimiminika kiasi kwamba baada ya dakika 15 walisitisha jaribio na kuziharibu data zote. Wakajaribu pia kupokea barua pepe. Kwa muda wa saa moja hivi zilikuwa zimeingia zaidi ya milioni 12, wakafunga tena.

Tafakari maana ya dakika hizo 15. Watu wale walikuwa wema, na hata wao waliogopa kushika walichokuwa wakipewa. Wamiliki wa data ile hawakupata taarifa, kengele haikulia popote, na mfanyakazi hakuona skrini nyekundu. Kwa upande wa kampuni, siku ile ilikuwa kama siku nyingine.

Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya juu ya intaneti, lilikuwa limeshaiona hatari hii kwa upande mwingine. Mwaka 2012 lilipofungua mlango wa majina mapya ya juu, waombaji walijitokeza kutaka .corp, .home na .mail. Wachunguzi walipotazama maulizo yanayofika kwenye seva za mzizi wa DNS, walikuta majina hayo yanaulizwa mno japo hayakuwa yamewahi kuwepo. Yalikuwa majina ya ndani ya ofisi na nyumba za watu yakivuja. Baada ya miaka ya mabishano, Februari 2018 bodi ya ICANN iliamua kwamba maombi ya majina hayo matatu hayataendelea. Uamuzi huo uliizuia .corp isiuzwe. Haukugusa corp.com, kwa kuwa hiyo ilikuwa mali halali ya mtu tangu 1994.

Katika uchunguzi wa migongano ya majina uliofanywa kwa ajili ya ICANN, JAS walifukua tatizo jingine ndani ya Windows, nalo lilikuwa zito zaidi. Kompyuta iliyojiunga na kikoa cha ofisi huchukua sera za usimamizi kutoka kwenye seva ya kikoa, na kwa mpangilio wake wa msingi huzichukua upya kila baada ya dakika 90 hivi. Sera hizo zinaweza kuiamuru kompyuta kuendesha programu. Mtu aliyekaa kwenye njia ya mtandao usioaminika aliweza kujifanya seva ya kikoa na kutuma sera zake. Microsoft ilipewa taarifa Januari 2014, ikatoa marekebisho Februari 2015. Mwaka mzima na zaidi ulipita kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye misingi ya mfumo wenyewe. Windows Server 2003 haikupata marekebisho hayo kabisa, na waliokuwa nayo ilibidi wahame au wabaki na mlango wazi.

Hadi hapa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani haya ni ya Wamarekani na majina yao ya .com. Sehemu inayofuata ya kisa inatuhusu sisi moja kwa moja, na nasikitika kwamba haizungumzwi vya kutosha kwenye madarasa yetu ya kompyuta.

Upo mtindo wa zamani ndani ya Windows wa kulikata jina kipande kwa kipande. Tuseme kompyuta iko kwenye kikoa cha mauzo.kampuniyako.com na inatafuta mashine iitwayo wpad. Itauliza wpad.mauzo.kampuniyako.com. Ikikosa, itadondosha kipande na kuuliza wpad.kampuniyako.com. Hapo itasimama, maana kanuni ilikuwa isishuke chini ya vipande viwili. Aliyeiweka kanuni hiyo alikuwa na .com kichwani, ambako vipande viwili vya mwisho ni mali ya kampuni yako.

Weka sasa jina la kwetu: mauzo.kampuniyako.co.tz. Kompyuta inauliza kwanza ndani ya mauzo, kisha ndani ya kampuniyako.co.tz, kisha inadondosha kipande kingine na kuuliza wpad.co.tz. Imeshatoka nje ya ua. Vipande viwili vya mwisho, co.tz, si mali ya kampuni yoyote, ni eneo la pamoja la kila mwenye biashara aliyesajili huko. Ndivyo ilivyo kwa co.ke, co.ug na kwa nchi nyingine zote zenye utaratibu kama wetu. Kanuni iliyokuwa salama kwa .com ilikuwa tundu kwa wengine, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwandishi wa programu alifikiria mazingira yake, akayafanya kuwa mpangilio wa dunia nzima.

Na wpad si jina la mchezo. Ni jina ambalo kivinjari hulitafuta kikiwa kimeachiwa kijipangie chenyewe, na kwenye Windows alama ya kujipangia huja ikiwa imeshawekwa. Anayejibu kwa jina hilo hutoa faili liitwalo wpad.dat, linalokieleza kivinjari kipitishe mawasiliano yake kwenye seva gani. Aliyelishika jina hilo anaweza kuamua njia ya kila ukurasa utakaoufungua.

Microsoft ilitoa marekebisho ya tatizo hili kwenye Internet Explorer 5 mwishoni mwa 1999. Watu wakadhani limekwisha. Mwaka 2007 mtaalamu wa New Zealand, Beau Butler, alionyesha kwamba kompyuta 160,000 za nchi yake zilikuwa zikiulizia jina hilo kwenye eneo la pamoja la co.nz, na zingetii yeyote aliyejibu. New Zealand, kama sisi, ilikuwa ikiweka kampuni zake kwenye ngazi ya tatu ya jina. Microsoft ilitoa tahadhari Desemba 2007, na Juni 2009 ikatoa sasisho lililobadili ukataji wenyewe: Windows iangalie kwanza kikoa kikuu cha ofisi kina vipande vingapi, isishuke chini ya hapo. Ukipima, karibu miaka kumi ilipita kati ya marekebisho ya kwanza na hili. Kwa muda wote huo kompyuta za nchi zenye "co" katikati zilikuwa na uwezekano wa kupiga hodi mahali pasipo pake.

Kwa hiyo ninapomsikia fundi akisema "mimi naacha mipangilio ya msingi, waliotengeneza wanajua zaidi", nakubaliana naye nusu. Wanajua zaidi juu ya programu yao. Hawajui kwamba ofisi yako iko chini ya co.tz, kwamba mhasibu wako anafanyia kazi nyumbani kwa kifurushi cha simu, kwamba jina uliloliandika kwenye seva mwaka 2011 ulilitoa kwenye mfano wa kitabu. Mengine katika mipangilio ya msingi ni mazuri na yaachwe. Jina silo. Jina ni lako, na mfumo hauwezi kukuchagulia.

Na usidhani ni corp peke yake. Toleo la Windows la biashara ndogo lilikuwa likipendekeza .local, na ofisi nyingi ndogo ndivyo zilivyo mpaka leo. Mwaka 2013 .local ilitengwa rasmi kwa kazi nyingine, ile ya vifaa vya nyumbani kutafutana bila seva, utaratibu ambao mashine za Apple zilikuwa zikiutumia kabla ya hapo. Matokeo ni vifaa kugombania jina na fundi kuhangaika wiki nzima akidhani tatizo ni waya. Wanaotoa vyeti vya usalama nao walikubaliana kuacha kuvitolea cheti vikoa vya ndani visivyo na mwenyewe, ikawa hadi Novemba 2015 ndio mwisho wa vyeti vya namna hiyo. Waliokuwa na seva ya barua yenye jina la .local wanaikumbuka kadhia ile.

Linux nayo ina yake. Faili la /etc/resolv.conf lina mstari unaoanza na neno search, na mara nyingi hakuna aliyeuandika kwa mkono: umeletwa na ruta ya mahali ulipo, kupitia DHCP, utaratibu wa kuigawia kompyuta mipangilio ya mtandao. Ukihama kutoka ofisini kwenda mgahawani, mkia wa majina yako mafupi nao unaweza kubadilika bila kuulizwa. Anayeandika kwenye programu zake jina kamili la seva, lenye nukta hata mwishoni, hana wasiwasi huo, kwa sababu nukta ya mwisho humwambia mfumo kwamba jina limekamilika na haliongezewi kitu. Ni alama moja tu ya uandishi, na mafundi wengi niwajuao hawajawahi kuiandika.

Kuhusu corp.com, mambo yalikwisha kwa heri. O'Connor mwenyewe alikuwa akitamani Microsoft ilinunue, akihofia lisije likaangukia mikononi mwa wahalifu, na Aprili 2020 Microsoft ilithibitisha kulinunua, ikawahimiza wateja wake wawe waangalifu wanapopanga majina ya mitandao yao ya ndani. Lakini ununuzi ule umemfunga mwizi asipate mlango. Haujaifanya hata kompyuta moja iache kuugonga. Ofisi zilizojijenga juu ya corp ziko vilevile, na zile zilizochagua majina mengine yasiyo yao hazina tajiri wa kuzinunulia jina. Kubadili jina la kikoa cha Active Directory ni kazi ya kutisha: kila seva na kila kompyuta lazima iguswe, na mtandao usimame kwa muda. Wenye kampuni wengi wakisikia gharama wanasema iachwe, na mimi siwalaumu. Ila wakijue wanachokiacha.

Kwa anayeanzisha mtandao leo njia ni nyepesi. Tumia tawi la jina ulilolisajili kihalali, kwa mfano ad.kampuniyako.co.tz. Jina la namna hiyo hata likivuja linakurudia mwenyewe. Kama hutaki kabisa jina la nje, ICANN mwaka 2024 ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani, ikaahidi kutoliuza kwa yeyote.

Kwa aliye na mtandao wa zamani, akae mbele ya kompyuta moja ya ofisi, afungue dirisha la amri na aandike ipconfig /all. Karibu na juu kuna mstari wa kiambishi kikuu cha DNS na orodha ya viambishi vinavyotafutwa. Kila kilichomo kwenye mistari hiyo akiulizie kwa msajili: kina mwenyewe? Ni sisi? Kama si sisi, azuie kwenye ruta maulizo ya jina hilo yasitoke nje, na aizime alama ya vivinjari kujipangia. Kisha ile kompyuta aibebe, atoke nayo nje ya ofisi, aiunganishe na simu yake, na atazame DNS inaulizwa nini katika dakika tano za mwanzo kabla hajagusa kitu. Watakayoyaona humo, wengi hawatayapenda.

Na kama jina ni la kampuni kweli, bado liko swali moja ambalo mwenye kampuni aliulize mwenyewe, asimwachie fundi. Majina ya .tz na .ke hulipiwa, na yasipolipiwa hurudi sokoni. Katika biashara nyingi za kwetu jina lilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti ya kwanza, kwa barua pepe yake binafsi, na kijana huyo alishahama kazi. Taarifa ya kuisha kwa jina itakwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Kampuni iulizie kwa msajili jina limeandikwa kwa nani na linaisha tarehe ngapi, na ihamishie umiliki kwenye anwani ya ofisi wiki hii.